Nyumba ya Marobota ya Mpunga: Kazi ya Fundi na Kazi ya Marafiki

Nilipoanza kujenga nyumba yangu ndogo huko Chanika, majirani waliopita njiani waliuliza ng'ombe wangefika lini. Swali lao lilikuwa la haki, kwa sababu uani palikuwa na marobota 150 ya mabua ya mpunga yaliyofunikwa kwa turubai, na kwa mkazi wa Dar es Salaam robota la majani makavu maana yake ni mifugo. Nilipowajibu kwamba marobota hayo ndiyo kuta, wengi walicheka, lakini mama mmoja muuza maandazi aliuliza swali lililokuwa na uzito kuliko mengi niliyoulizwa baadaye na wasomi: "Na mchwa je, baba?"

Jibu la swali lake limo ndani ya mwongozo huu, pamoja na mambo mengine niliyojifunza kwa kuuliza, kusoma na kukosea. Kabla ya hayo, nieleze mpaka mmoja ambao kazi yote imesimama juu yake. Katika nyumba ya marobota kuna kazi za fundi na kuna kazi za marafiki. Msingi, nguzo, paa na umeme ni vya fundi, naye alipwe ujira wake kamili. Kupanga marobota na kukandika ni vya marafiki, kwa kuwa ni kazi zinazohitaji mikono mingi kuliko ujuzi mwingi, na zinaweza kukamilika katika siku chache za mapumziko. Anayewaita marafiki kuchimba msingi atawachosha kabla ya wakati wao, na anayewaita kabla paa halijaezekwa atawafanya wapange kuta ambazo wingu moja tu linaweza kuziharibu.

Ujenzi huu si mgeni duniani. Ulianza mwishoni mwa karne ya 19 katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, kwenye nchi ya vilima vya mchanga isiyo na miti ya kutosha, baada ya mashine za kufunga marobota kuenea mashambani. Kanisa la marobota lililojengwa mwaka 1928 katika mji mdogo wa Arthur bado limesimama, na huko Montargis, Ufaransa, ipo nyumba ya mwaka 1920 ambayo kuta zake zimejazwa mabua. Hata hivyo, Nebraska ni nchi kavu na Montargis ni mji wa baridi. Sisi tunaishi pwani, penye joto na unyevu karibu mwaka mzima, penye masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam hapaswi kunakili nyumba ya wenzetu. Achukue kanuni zao na kuzijenga upya kwa ajili ya maji na mchwa.

Lipo pia jambo la ukweli ambalo wapenzi wa nyumba hizi hulipita haraka. Ukuta wa mabua wenye unene wa sentimita 45 huzuia joto kwa kiwango ambacho tofali la saruji halikaribii, na utaliona hilo jioni ukigusa ukuta wa magharibi kwa ndani. Lakini katika mji huu sehemu kubwa ya joto la mchana huingia kupitia bati. Ukijenga kuta nzuri za mabua kisha ukaweka bati tupu lisilo na dari wala matundu ya kupitisha hewa, utakuwa umefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Vilevile usijidanganye kuhusu gharama: kuta ni fungu moja tu la nyumba, na msingi, paa, milango na madirisha vitakugharimu kama vinavyomgharimu jirani yako wa tofali.

Kibali cha ujenzi kitafutwe mapema katika manispaa yako. Maofisa hawajazoea michoro ya namna hii, na njia iliyonirahisishia mazungumzo ilikuwa kuchora nyumba ambayo uzito wa paa unabebwa na nguzo na lenta, yaani boriti inayolala juu ya nguzo, huku marobota yakijaza tu nafasi iliyo kati yake. Mhandisi anaweza kuzikokotoa nguzo kama anavyokokotoa jengo lolote na kuweka sahihi yake. Mfumo wa Nebraska wa asili, ambamo marobota yenyewe hubeba paa, unataka kuta zikae wiki kadhaa zikishindiliwa na uzito kabla ya kukandikwa, na wiki hizo zote ukuta uko wazi. Sioni sababu ya mtu wa pwani kujitia katika hatari hiyo.

Marobota yenyewe

Kwanza tutofautishe mabua na majani ya malisho. Majani ya malisho hukatwa yakiwa bado na lishe, na penye lishe wadudu, panya na kuvu hufuata. Mabua ni shina lililobaki baada ya nafaka kuondolewa, na bua la mpunga lina faida ya ziada, kwa kuwa lina silika nyingi, yaani madini ya jamii ya mchanga, inayolifanya liwe gumu na lioze polepole. Ndiyo silika hiyo inayokwangua mikono ya wavunaji, na itakwangua ya marafiki zako pia. Mpunga haulimwi mbali nasi: bonde la Ruvu liko jirani, na ukienda mbele zaidi kuna Dakawa na Kilombero mkoani Morogoro. Mabua mengi huko huachwa au huchomwa moto shambani, hivyo unachonunua hasa ni jasho la kuyakusanya, kuyafunga na kuyasafirisha.

Kama hakuna mashine ya kufungia, tumia sanduku la mbao, lile ambalo wafugaji hulitumia kufungia majani. Sanduku langu lilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kina cha 35 kwa ndani. Kamba mbili hutandikwa kwanza, mabua hujazwa kidogo kidogo huku mtu akiyakanyaga, kisha kamba hukazwa na kufungwa kabla robota halijatolewa. Ugumu uko katika kukaza. Robota la mifugo hata likilegea ng'ombe hatalalamika, lakini robota la ukuta linapaswa kuwa na uzito wa kilo 110 hivi kwa kila mita ya ujazo, na kwa sanduku la vipimo hivyo hesabu inakuja kuwa kilo 16 kwa robota. Tulitumia mizani ya kuning'iniza. Lililopungua kilo 15 lilifunguliwa na kufungwa upya, jambo lililozua manung'uniko siku ya kwanza, na siku ya pili vijana walikuwa wameshaujua uzito kwa mkono. Kipimo kingine ni kulinyanyua robota kwa kamba moja: likining'inia bila kupinda, na vidole vyako vikapata shida kupenya chini ya kamba, linafaa.

Unyevu ndio hakimu wa mwisho. Ndani ya robota unyevu usizidi asilimia 15 ya uzito kama inawezekana, na likipita asilimia 20 usilikubali kabisa, kwa sababu kuvu watakuwa wamepata makazi. Kipima unyevu cha nafaka chenye sindano ndefu hutoa jibu zuri. Usipokuwa nacho, penyeza mkono hadi katikati ya robota na usikilize kwa ngozi na pua. Shehena yangu ya kwanza ililetwa na dereva aliyeniapia kwamba njiani hakukuwa na mvua hata tone. Kwa nje marobota yalikuwa ya rangi ya dhahabu. Nilipopenyeza mkono katika la tatu, vidole vilikuta uvuguvugu kama wa mkate uliotoka jikoni muda si mrefu, na harufu iliyofuata ilikuwa ya gunia lililosahauliwa stoo. Marobota 40 yalikwenda kuwa matandazo ya migomba ya shemeji yangu. Tangu siku hiyo nilipima kabla ya kushusha mzigo, si baada.

Hesabu ya idadi ni rahisi. Nyumba ya mita 6 kwa 4 ina mzingo wa mita 20. Kozi saba, yaani safu za marobota zilizopangwa moja juu ya nyingine, za sentimita 35 zinatoa ukuta wa mita 2.45, yaani mita za mraba 49. Ukitoa mlango mmoja na madirisha manne ya mita 1.2 kwa 1.2, unabaki na takribani mita 41. Robota moja linafunika mita za mraba 0.315, hivyo unahitaji kama 131, na ukiongeza yatakayokatwa na yatakayokataliwa unafika 150. Huo ni mzigo wa tani mbili na nusu hivi, mwepesi kwa Fuso lakini mkubwa kwa umbo. Yapange juu ya mbao zilizoinuliwa kutoka ardhini, yafunike juu kwa turubai, na pembeni uache hewa ipite. Kuyafunga pande zote kwa nailoni ni kuyapika.

Kazi ya fundi

Kila aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo anajua kwamba ukuta huanza kuliwa chini, pale matone ya mvua yanapogonga ardhi na kuruka. Nyumba ya marobota haitaki kuonja hata tone la maji hayo. Inua msingi wako angalau sentimita 45 juu ya ardhi. Hapa tofali letu la kawaida la saruji linatufaa ajabu, kwa kuwa urefu wake ni inchi 18, karibu sawa na upana wa robota. Yakisimamishwa kwa kukatiza ukuta, kozi mbili zinakupa upana unaoutaka na kimo cha sentimita 46 kwa pamoja. Juu ya tofali weka nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ile ambayo mafundi huiita DPC.

Juu ya nailoni ndipo linapokuja jibu la mama wa maandazi. Tandika bati la bapa kwenye upana wote wa msingi, lijitokeze kila upande kwa sentimita 5 na likunjwe kuelekea chini. Bati hili halimuui mchwa. Linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo mahali pa wazi, ambapo utaiona na kuivunja. Kwa sababu hiyo msingi usifichwe na maua, kuni wala mifuko ya saruji iliyobaki, na mtu aukague kila mwezi. Udongo wa chini ya jamvi la sakafu upigwe dawa ya mchwa kabla ya zege, na mbao zote zitakazogusa msingi ziwe zimetiwa dawa. Kisha fundi alaze mbao mbili sambamba juu ya bati, moja upande wa nje na nyingine wa ndani, na katikati yake pajazwe kokoto. Robota la kwanza litakaa juu ya mbao hizo, na maji yakitokea kuingia kwa bahati mbaya yatapita kwenye kokoto badala ya kulilowesha tako la ukuta.

Nguzo zinaweza kuwa za mkaratusi uliotiwa dawa au za mbao. Mimi nilizisimamisha kwenye mstari wa ndani wa ukuta ili marobota yasihitaji kuchongwa kwa kila nguzo. Pembe zifungwe kwa mbao za mshazari ili fremu isiyumbe. Kutoka juu ya mbao za msingi hadi chini ya lenta kimo kiwe pungufu kwa sentimita 5 hivi ya jumla ya kozi zako, maana marobota hushuka yakilaliana. Fremu za milango na madirisha zifungwe kwenye nguzo kabla ya siku ya marafiki, na chini ya kila dirisha pawekwe kizuizi cha maji chenye mteremko wa kuelekea nje, kwa kuwa sehemu hiyo huoza mapema kuliko zote.

Paa litokeze kwa sentimita 90 au zaidi, na upande unaopigwa na mvua ya upepo wa kusi uwekewe baraza pana. Wazee wa pwani waliozijenga nyumba zao kwa baraza na mapaa marefu hawakufanya hivyo kwa ajili ya kukaa na kucheza bao pekee. Bafu na sinki la jikoni viwe kwenye kuta za tofali, na bomba la maji lisipite ndani ya ukuta wa mabua hata kwa nusu mita. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba yake, zikifungwa na fundi mwenye leseni.

Siku ya marafiki

Chagua kipindi cha kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Sabasaba na Nanenane, yaani tarehe 7 Julai na 8 Agosti, ni sikukuu zinazoangukia humo, na zikikaribiana na mwisho wa wiki unapata siku tatu bila mtu kuomba ruhusa kazini. Sisi tuliianza kazi Jumamosi saa 1 asubuhi tukiwa watu 12, na Jumapili saa 10 jioni kozi ya saba ilikuwa imekwisha.

Idadi hiyo iligawanywa hivi: vikundi vitatu vya watu watatu, kila kimoja na upande wake wa ukuta, wawili katika meza ya kukatia marobota, na mmoja ambaye kazi yake pekee ilikuwa kufagia mabua yaliyomwagika na kulinda moto. Huyu wa mwisho asidharauliwe. Ukuta uliokandikwa huuhimili moto vizuri kwa sababu mabua yaliyobanwa hayana hewa ya kutosha, lakini mabua yaliyotapakaa sakafuni huwaka kama kiberiti. Sigara zilibaki getini, hakuna aliyekata chuma kwa mashine siku hiyo, pipa la maji na ndoo za mchanga vilikuwa tayari, na jiko la pilau liliwekwa mbali, upande ambako upepo unaelekea, ili cheche zisirudi kwetu. Wenye pumu walipewa kazi za nje ya vumbi, na wengine wote walivaa barakoa, glovu na mikono mirefu.

Kila kikundi kiwe na kiongozi mmoja, na nyumba nzima iwe na msemaji mmoja anayeamua. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Rafiki yangu mmoja ni mhasibu mwenye maoni mengi kuhusu kila jambo, na tulimpa timazi. Akawa mkali kuliko fundi, na kuta zetu zimenyooka kwa sababu yake.

Upangaji unafuata kanuni ya tofali: mshono wa kozi ya juu usiangukie juu ya mshono wa kozi ya chini. Anzieni pembeni na kwenye fremu, mkielekea katikati. Robota lisukumwe kwa goti liguse mwenzake, lakini lisigongwe kwa nguvu hadi likaisukuma nguzo. Kila baada ya kozi mbili simameni, mpime wima, mgonge kwa nyundo kubwa ya mbao palipofura. Baada ya kozi ya nne, mianzi husimamishwa jozi jozi, mmoja nje na mwingine ndani, na kufungwa kwa kamba inayopenya ukuta, hivyo ukuta unabanwa kama mkate kati ya viganja viwili. Kamba za marobota pia zifungwe kwenye nguzo kwa waya.

Marobota yasiyo kamili ndiyo yanayohitaji subira, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wageni wanapoharibu. Utahitaji sindano: kipande cha nondo ya milimita 8 chenye urefu wa sentimita 60, ncha moja imepondwa bapa na kutobolewa tundu, nyingine imekunjwa iwe mpini. Pima nafasi unayotaka kuijaza na uweke alama kwenye robota. Pitisha kamba mpya kwa sindano katika alama hiyo, mbili kwa upande wa kushoto na mbili kwa upande wa kulia, na uzifunge zikaze hadi zilie kama uzi wa zeze. Baada ya hapo, na si kabla, ndipo kamba za zamani zikatwe. Kijana mmoja alizikata kwanza. Robota lilifunguka mithili ya kitabu kilichong'oka gamba, na mtu wa kufagia alipata kazi ya nusu saa.

Kozi ya mwisho haiingii kwa hiari. Weka kipande cha bati laini juu ya kozi ya sita na kingine chini ya lenta, telezesha robota katikati yake, kisha uvute mabati. Nafasi zote zilizobaki, hasa kati ya robota na fremu, zijazwe mabua yaliyochovywa katika udongo wa majimaji, yashindiliwe kwa kijiti. Mwishoni mtu mwenye mkono mtulivu apite na panga kali akipunguza manyoya yaliyojitokeza, ili udongo upate uso wa kushika.

Kukandika

Kabla ya yote, saruji iachwe stoo. Lipu ya saruji ni ngumu, hupata nyufa nyembamba, huruhusu maji kuingia kupitia nyufa hizo na haiyaruhusu kutoka upesi. Nyuma yake mabua huoza bila mtu kujua, hadi siku kipande cha ukuta kinapobonyea. Udongo na chokaa hupumua: vinapokea unyevu na kuurudisha hewani.

Udongo wa maeneo mengi ya mji wetu una mchanga mwingi, hivyo itabidi uutafute wenye mfinyanzi. Udongo wa kichuguu kilichohamwa ni bora sana, na ni kichekesho kwamba mchwa, ambaye tumemwekea bati kumzuia, ndiye fundi wa udongo mzuri kuliko wote. Usiamini mchanganyiko wa mtu mwingine, hata wangu. Tengeneza vibao vidogo vitatu ukutani: udongo fungu 1 kwa mchanga fungu 1, kisha 1 kwa 2, kisha 1 kwa 3, vyote vikiwa na mabua yaliyokatwakatwa kama kidole. Viache siku chache. Kilichopasuka kina udongo mwingi mno, kinachomomonyoka ukikisugua kina mchanga mwingi mno. Kwangu kilichoshinda kilikuwa 1 kwa 2. Kwa kuta za pande zote mbili, zenye jumla ya mita za mraba zipatazo 82 na unene wa sentimita 3 na nusu, utahitaji karibu mita 3 za ujazo za mchanganyiko. Loweka udongo siku mbili kabla ya watu kuja.

Siku ya kukandika inaweza kuchukua kila mtu, watoto na mabibi wakiwamo, na kwa kweli mabibi waliokulia Rufiji na Kisarawe walikuwa walimu wetu. Mmoja alitutazama tukihangaika na miko, akavua kandambili, akainua kanga, akaingia kwenye turubai kukanyaga udongo, kisha akatuonyesha: donge linarushwa kwa nguvu, halipakwi, halafu kiganja kinalifuata kwa kulikokota kutoka chini kwenda juu. Tabaka la kwanza liwe la udongo mwepesi, lisuguliwe hadi lizame ndani ya mabua kwa sentimita moja au mbili. Tabaka hilo ndilo linaloshika nyumba nzima, na lisiposuguliwa vya kutosha yote yatakayofuata yatabanduka kama ganda. La pili ndilo la unene na la kunyoosha uso. Kila tabaka likauke na kumaliza nyufa zake kabla ya linalofuata, jambo linaloweza kuchukua wiki mbili kwa hewa yetu. Tabaka lililokauka liloweshwe kwa maji kabla ya kuongezewa jingine, la sivyo halitashikana.

Nje, malizia kwa chokaa, ile ile iliyoyalinda majengo ya mawe ya matumbawe ya Bagamoyo na Kilwa. Chokaa ya mfuko iloweshwe kwa wiki moja au zaidi iwe kama siagi, ichanganywe fungu 1 kwa mchanga safi mafungu 3, ipakwe nyembamba, kisha ifunikwe kwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Hii si kazi ya watoto. Chokaa huunguza ngozi, na ikiingia jichoni jicho lioshwe kwa maji mengi safi na mtu apelekwe hospitali mara moja. Sisi tulivaa miwani, na fundi aliisimamia kazi hiyo mwenyewe.

Baada ya kuhamia

Rangi ya mafuta na rangi ya plastiki zisiguse kuta hizi. Tumia chokaa ya kupaka, ambayo utairudia kila baada ya miaka michache. Kiyoyozi nacho kina hesabu yake: hewa yetu ya nje ni ya joto na yenye unyevu, na inapokutana na uso uliopozwa sana upande wa ndani, unyevu hugeuka maji ndani ya ukuta. Mtu anayetaka kulala kwenye baridi ya jokofu ajenge kwa tofali. Sisi tuliinua dari, tukaacha matundu ya hewa chini ya bati, tukaweka madirisha yanayotazamana, na feni inatosha.

Ukutani karibu na mlango niliacha kidirisha cha kioo, kipana kama daftari, kinachoonyesha mabua bila udongo. Ni desturi ya wajenzi wa nyumba hizi duniani, na kwangu kina kazi mbili. Wageni hawabishani tena kuhusu kilichomo ndani ya ukuta. Na kila masika yanapokwisha hukifungua, nikapenyeza sindano ya kipima unyevu hadi katikati ya robota, kisha nikafanya hivyo katika matundu mengine manne yaliyo chini ya madirisha, yenye vizibo vya mbao. Mwaka wa pili tundu la chini ya dirisha la kusini lilisoma asilimia 19. Kizuizi cha maji kilikuwa kimepasuka kona moja, ufa mwembamba kiasi kwamba niliugundua kwa ukucha. Fundi alikibadilisha Jumatatu iliyofuata, na kufikia Nanenane kipimo kilikuwa kimerudi 14.